Kampeni ya chanjo ya kolera Goma: uzoefu wangu upande wa kuhakiki

Chanjo yenyewe naipa alama za juu. Namna kampeni inavyojipima naipa alama za chini, na hilo ndilo litakalochukua nafasi kubwa hapa. Nazungumzia kampeni za nyumba kwa nyumba katika zone za afya (wilaya za huduma) za Goma, Karisimbi na Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, nikiwa kwenye kundi linalopita nyuma ya wachanjaji kuangalia nani alikunywa chanjo na nani hakunywa.

Nianze na dawa. Siku hizi tunapokea chanjo ya Euvichol kutoka Korea Kusini: kichupa laini cha plastiki chenye dozi moja ya mililita 1.5, vitano vimeshikana kwenye ukanda mmoja, hamsini kwenye kasha. Aliyewahi kufungua vichupa vya kioo vya Shanchol, chanjo tuliyotumia zamani, anajua plastiki imeokoa muda na vidole vingapi. Unatikisa, unazungusha kichwa cha kichupa mpaka kikatike, mtu anafungua kinywa, unakamua. Hahitaji kufunga kula, na akitaka kusukumia na maji safi, sawa.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kukamua mara moja tu. Sehemu ya dawa hubaki kwenye kona za kichupa, kwa hiyo achia kijae hewa kisha kamua tena. La pili ni watoto wadogo. Ukimkamulia mtoto katikati ya ulimi, atatema, maana ladha haipendezi. Mama amshike akiwa ameketi, dawa iingie kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu, usiondoke kabla hajameza. Akitema yote papo hapo, apewe nyingine, na karatasi ionyeshe kuwa vichupa viwili vimetumika kwa mtu mmoja.

Ubaridi ni nyuzi 2 hadi 8, na dawa isigande. Timu zinazoondoka mapema huchomoa vipakiti vya barafu kutoka friza na kuvipakia vikiwa vikavu kama jiwe. Viache nje kwanza mpaka ukivitikisa usikie maji ndani. Kwenye kichupa kuna alama ya joto, mraba ndani ya duara: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, rangi zikilingana au mraba ukiwa mweusi zaidi, weka kando.

Kuanzia mwaka mmoja kwenda juu, wote wanakunywa, na wajawazito wamo. Nasisitiza wajawazito kwa sababu kwenye milango mingi wao wenyewe hujitoa, au mchanjaji mgeni huwaruka kwa woga. Vijidudu vilivyomo vimeuawa. Haviwezi kumletea mtu kolera.

Kuhusu dozi, watu waambiwe ukweli mzima. Utaratibu kamili ni dozi mbili, zikiachana angalau wiki mbili. Tangu Oktoba 2022, kwa sababu chanjo imepungua duniani, kampeni za kuzima mlipuko hutoa dozi moja. Je, moja inasaidia? Inasaidia. Utafiti wa Uvira, hapa hapa Kivu, ulikuta dozi moja ikikinga kwa kama asilimia 53 kati ya mwezi wa 12 na wa 17, na kama asilimia 45 kati ya mwezi wa 24 na wa 36. Lakini watoto wa chini ya miaka mitano hukingwa kidogo kuliko wakubwa, nao ndio kolera huwamaliza maji haraka. Kwa hiyo reko (mhamasishaji wa afya wa mtaa) anayesema mlangoni "mmeshapona, basi" anawadanganya watu. Kinga yenyewe huchukua kama wiki moja kujengeka, na bidoni (dumu) ya maji ya leo jioni lazima itiwe klorini leo jioni.

Sasa hesabu. Kila timu ina karatasi ya kuchora vijiti, kijiti kimoja kwa kila aliyekunywa: wanaume na wanawake, miaka 1 hadi 4, 5 hadi 14, 15 na zaidi. Jioni vijiti vinajumlishwa, vinagawanywa kwa idadi ya watu wa eneo la afya, na asilimia inasomwa kwenye mkutano. Tatizo liko chini ya mstari, kwenye hiyo idadi ya watu. Sensa ya mwisho ya nchi yetu ni ya 1984. Kila idadi tuliyo nayo ni makadirio juu ya makadirio. Ongeza waliokimbia vita: Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya zilijaa, kisha mwanzoni mwa 2025 kambi zikavunjika na watu wakatawanyika vijijini na kwenye parseli (viwanja) za ndugu. Ongeza wanaovuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi na kunywea chanjo mtaa wa Birere ilhali wanalala ng'ambo, Rwanda. Ndiyo maana eneo moja linapata asilimia 115 na la jirani 70, na hakuna hata moja kati ya hizo unayoweza kuitegemea. Nikiona zaidi ya mia sishangilii. Natafuta walikotoka na walioachwa.

Karatasi ya vijiti ina faida moja: kulinganisha. Vichupa vilivyopokelewa, vilivyorudi vimejaa, vitupu mfukoni na vijiti kwenye karatasi lazima vikubaliane kila jioni. Visipokubaliana, suluhisha usiku huo huo, timu ikiwa bado inakumbuka. Kesho yake hakuna anayekumbuka.

Kitu cha thamani zaidi wakati kampeni bado inaendelea ni ukaguzi wa haraka. Siku ya pili alasiri unachagua eneo unalolishuku, unaingia nyumba 20 na kuuliza. Sisi tulitumia kanuni nyepesi: tukikuta nyumba tatu au zaidi zenye mtu aliyekosa, timu inarudi kesho yake. Hii haitoi asilimia ya kuandika kwenye ripoti, na wakubwa huidharau kwa sababu hiyo. Lakini ndiyo pekee inayofika wakati bado kuna chanjo kwenye friji. Mkaguzi asiwe aliyechanja hapo, na asiongozwe na reko wa avenyu hiyo. Kwa nia njema kabisa atakupeleka kwenye nyumba alizozipitia.

Baada ya kampeni ndipo unakuja uchunguzi wa vishada, yaani makundi ya nyumba zilizo karibu. Vishada huchaguliwa kwa bahati kwenye ramani, kisha nyumba chache katika kila kimoja. Ukibanwa na pesa, ongeza vishada na upunguze nyumba, usifanye kinyume. Watu wa avenyu moja hufanana: timu iliyoruka mtaa wa Katoyi haikuruka nyumba moja, iliruka upande mzima wa barabara. Nyumba 40 za sehemu moja zinakwambia jambo lile lile mara 40.

Mlangoni, mpangilio wa maswali hubadilisha jibu. Usianze na "mmechanjwa?" Mama mwenye nyumba atajibu ndiyo kwa niaba ya wote. Anza na "jana usiku walilala hapa nani na nani?" Andika kila mmoja, umri wake, hata mgeni, hata kijana anayerudi saa nne usiku. Kisha rudi kwenye orodha, mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo wanaume wanapojitokeza, na wengi wao hawakunywa. Chukua kichupa kitupu mkononi uwaonyeshe. Hapa Goma tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 watu wamepewa chanjo nyingi, na "ndiyo, nilichanjwa" inaweza kuwa sindano ya miaka iliyopita. Uliza: ulinywa, au ulidungwa?

Ushahidi una ngazi: kadi, alama kidoleni, kisha neno la mtu. Yaandike matatu hayo kando kando. Wino wa kidole usiutegemee siku nyingi. Mwenye kufua na mwenye kukoroga simenti huupoteza mapema, hasa ikiwa ulipakwa kwenye ngozi tu. Upakwe pale kucha inapokutana na ngozi, ukauke kabla mtu hajaondoka.

Nyumba iliyofungwa ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Mkaguzi aliyechoka huhamia jirani. Usikubali! Mlango uliofungwa saa nne asubuhi mbele yako ulifungwa saa nne asubuhi mbele ya mchanjaji pia. Ukiuruka, umewafuta kwenye hesabu wale wale uliotumwa kuwatafuta. Rudi mara mbili, mara moja jioni. Na kwenye parseli usitosheke na chaki ya getini. Chaki inamaanisha timu iliongea na mtu wa nyumba ya mbele. Wapangaji wa vyumba vya nyuma, mara nyingi familia tatu au nne, huenda hawakusikia hata hodi.

Waliokosa ni nani? Mara nyingi tulikuta si waliokataa. Uvumi upo, na unastahili jibu la heshima, ila kwenye safu ya sababu jibu linalojaa ni "sikuwepo". Wasukuma chukudu (skuta kubwa za mbao za kubebea mizigo), waendesha pikipiki, wabeba mizigo wa soko la Kituku, wauzaji wa Birere: timu hutoka saa mbili asubuhi na kukunja meza saa tisa alasiri, saa zile zile wao wakiwa kazini. Kilichofanya kazi ni timu ndogo ufukweni tangu saa kumi na mbili asubuhi, pale bidoni zinapojazwa ziwani, karibu na mtia klorini. Mtu anasubiri bidoni yake ya lita 20 itiwe dawa, papo hapo anakunywa yake. Kwa mji uliokaa juu ya mawe ya volkano, ambako kuchimba choo kirefu ni kazi ya nyundo na siku nyingi, maji ya ziwa ndiyo mlango wa kolera. Kukutanisha huduma hizo mbili pale kuna maana kuliko meza ya pili kwenye kituo cha afya.

Ningeomba karatasi ya timu iongezwe safu moja: idadi ya waliolala ndani lakini hawapo, na saa ya kuwakuta. Timu ya jioni ingepita na orodha hiyo badala ya kuanza upya.

Huduma ni bure, mtu asikutoze hata faranga moja. Kadi utakayopewa ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za watoto za kupima uzito. Karatasi yake haihimili mvua. Ikipotea na kampeni nyingine ikaja, usijifiche: sema huna kadi, kunywa. Dozi ya ziada haina madhara.