Riwaya za Uchunguzi wa Maiti: Ipi Ununue Kwanza Ukiwa Kigoma

Msomaji wa Kigoma anayeagiza riwaya ya Kiingereza kutoka Dar es Salaam hulipia kitabu pamoja na gharama ya kukisafirisha, kwa hiyo ni haki yake kujua mapema wahakiki walisifu nini, na hasa walisifu kitabu kipi. Sifa nyingi zinazochapwa kwenye majalada zilitolewa kwa kazi ya zamani ya mwandishi, kisha zikahamishiwa kwenye kazi mpya.

Nafasi ya kwanza naipa Postmortem ya Patricia Cornwell, iliyotoka mwaka 1990 na kuzoa tuzo za riwaya za uhalifu za Edgar, Creasey, Anthony na Macavity. Cornwell aliwahi kufanya kazi katika ofisi ya uchunguzi wa maiti ya jimbo la Virginia nchini Marekani, na uzoefu huo unaonekana: mhusika wake mkuu, Dkt. Kay Scarpetta, anamulika ngozi ya marehemu kwa leza, chembe zinang'aa, na upelelezi unaanzia hapo. Teknolojia yake ya kompyuta na vinasaba imepitwa na wakati, lakini mwendo wa hadithi ungali imara. Hata hivyo, usinunue kitabu chochote kwa kuona jina la Cornwell tu. Katika Blow Fly ya mwaka 2003 aliacha masimulizi ya nafsi ya kwanza, mabadiliko yaliyowakera wasomaji wengi, na alirudi kwenye nafsi ya kwanza katika Port Mortuary ya mwaka 2010.

Ya pili ni Déjà Dead ya Kathy Reichs, ya mwaka 1997, iliyopata tuzo ya Arthur Ellis ya riwaya ya kwanza. Reichs mwenyewe ni mtaalamu wa mifupa ya binadamu, naye alitoa ushahidi katika mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, jambo ambalo sisi tulio jirani hatuwezi kulipita kimya. Wapo wanaochoshwa na maelezo yake marefu kuhusu alama za msumeno kwenye mfupa. Mimi naona ndiyo utamu wa kitabu.

The Mermaids Singing ya Val McDermid, mshindi wa tuzo ya Gold Dagger mwaka 1995, naiweka ya tatu kwa sababu inategemea zaidi saikolojia ya muuaji, na mateso yanayosimuliwa humo ni makali mno kwa mwenye moyo mwepesi.

Ukipata nakala iliyokwishatumika, hakikisha kwanza kurasa za mwisho zote zipo, kisha tazama kama tuzo iliyotajwa kwenye jalada ni ya kitabu hichohicho.