Programu huria za kuchati: kabla hujahama, uliza simu ikizama itakuwaje

Simu yangu ilizama Kamanga, Mwanza, nikishuka kwenye kivuko na ndoo ya dagaa mkononi. Siku hiyohiyo nikanunua nyingine Makoroboi, nikarudisha laini, Signal, programu ninayochatia na wateja, ikafunguka kwa namba yangu ileile. Ndani, tupu. Mteja wa Dodoma aliyekubali kwa maandishi kwamba namdai hela ya magunia manne, si mawili, ushahidi wake umebaki ziwani.

Kwa hiyo stika na simu za video leo siziongelei. Programu zote hapa ni za bure na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kusoma jinsi zilivyoundwa; ndiyo maana zinaitwa huria. Nauliza kimoja: simu ikipotea, meseji zinarudi?

Ya kwanza ni Signal, na sifichi kwamba naipenda. Inaendeshwa na taasisi isiyotafuta faida, haina matangazo. Kosa lilikuwa langu, kutowasha hifadhi, yaani nakala ya meseji inayokaa nje ya simu. Mwaka 2025 walileta hifadhi kwenye seva zao, yaani kompyuta zao za mtandaoni: maandishi, pamoja na picha za siku 45 za mwisho, bila malipo. Ukiiwasha unapewa ufunguo wa herufi na tarakimu 64. Ukiupoteza, Signal wenyewe hawawezi kukufungulia. Wangu nimeunakili kwenye daftari la madeni, nne nne, kisha mwanangu akanisomea kutoka kwenye skrini huku nikihakiki kwa kalamu. Usiupige picha ukaiacha kwenye simu hiyohiyo!

Ya pili ni Element. Meseji zinakaa kwenye seva na unaweza kuzisoma hata kwenye kompyuta, ila nayo ina ufunguo wake wa kutunza, na wateja wangu wengi imewashinda kujisajili.

Briar inafaa mtandao ukikatika, maana hupitisha meseji hata kwa Bluetooth. Lakini akaunti iko ndani ya simu tu. Kwa sisi wa majini, hapana.

Telegram sijaiweka: seva zake si huria.

Kinachoniuma zaidi ni shilingi 5,000 nilizomlipa fundi aniwekee Signal, kitu cha bure, na hifadhi hakuigusa. Nilipomrudia akasema hiyo ni kazi nyingine, ina bei yake. Jamani, ipakueni wenyewe. Kama lazima umpe fundi, aiwashe hifadhi mbele yako, na ufunguo ukitokea chukua simu yako, andika mwenyewe.