Vihoteli vya Wachina Kilimani: itisha kile wenyewe wanakula

Siongelei zile kubwa za taa nyekundu na samaki wanaogelea mlangoni. Naongelea vile vihoteli vidogo vya Kilimani na Hurlingham hapa Nairobi, ukitoka Argwings Kodhek ukaingia ndani ndani, meza chache, menyu ukutani kwa Kichina, na saa ya lunchi panajaa Wachina wa mjengo na buti zao za kazi. Hao ndio wananipea imani. Mtu ametoka mkoa wa Sichuan huko Uchina akakuja huku kujenga barabara, anakaa miaka bila kuona mamake, hawezi rudi hapo kila siku kama chakula haifanani na ya kwao.

Itisha mayai na nyanya kwanza. Najua unasema hiyo napika kwangu, lakini ngoja: mafuta inapata moto vizuri kwa karai, mayai yanaingia yanafura, yanatolewa yakiwa bado laini, alafu nyanya zinapikwa peke yake mpaka zitoe maji yake, chumvi na kasukari kidogo, ndio mayai yanarudi ndani. Unamwagia wali. Uchina hiki ni kati ya vitu vya kwanza watu hujifunza kupika, haingojei sherehe. Mimi nikila tu nawaza shosho yangu wa Murang'a, mayai ya kienyeji, kitunguu, nyanya, basi, na ulikuwa unajua kuna mtu alikufikiria akipika.

Alafu viazi. Hizi zinakatwa nyembamba sana, zinaoshwa ile wanga itoke, zinapitishwa kwa karai haraka haraka na siki na pilipili kavu. Zinafika zikiwa bado zinalia kwa meno. Nimeona watu wakirudisha ati hazijaiva, jamani msirudishe, ndio zinafaa kuwa hivyo!! Na mapo tofu, hiyo ni ya mji wa Chengdu huko Sichuan, tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa) kwa sosi nyekundu na nyama ya kusaga kidogo, ile pilipili ya Sichuan inatia ulimi ganzi, mara ya kwanza unashtuka, baadaye unaitafuta. Mboga za kukaangwa na saumu pia ni tamu. Chips na kuku wa sosi tamu wachana nazo, hizo wanatupikia sisi wageni.

Kama hukuli nguruwe, uliza KABLA ya kuitisha. Kwa Mchina nyama ikiandikwa tu nyama bila kusema ya nini, mara nyingi ni nguruwe, na hata mboga inaweza kuwa imekaangwa na mafuta yake. Waislamu tafuteni wanaopika tambi za mji wa Lanzhou, asili yake ni Wahui, Waislamu wa huko Uchina, supu ya ng'ombe na tambi za kuvutwa kwa mkono, lakini hata hapo ulizeni.

Huduma usitarajie kubembelezwa. Sahani inakuja ikiiva, yako inaweza kufika na ya mwenzako bado, sasa hapo ndio watu hukasirika bure, kwa sababu hiki chakula huwekwa katikati kila mtu na bakuli yake ya wali. Enda na watu watatu wanne, itisheni tofauti tofauti, bili mkigawa haiumi. Na jiaozi, zile za unga zenye nyama au mboga ndani, za kufungwa kwa mkono, unachovya kwa siki nyeusi, mahali naendanga huisha mapema, so fika kabla ya saa saba.