GTX 1060 au RX 580: miezi minane na kadi mbili za zamani, Lubumbashi

Kwa miezi minane nimecheza kwenye kompyuta moja nikipokezanisha kadi mbili za michoro, yaani vifaa vinavyochora picha za kwenye skrini: NVIDIA GeForce GTX 1060 yenye kumbukumbu ya GB 6, na AMD Radeon RX 580 yenye GB 8. Katika maduka ya vifaa vilivyotumika niliyozunguka hapa Lubumbashi, ambako kila muuzaji huiita kadi hiyo kwa Kifaransa, carte graphique, hizi mbili ndizo nilizoonyeshwa mara nyingi zaidi nilipotaja kwamba mfuko wangu hauzidi dola mia moja. Ulinganisho mwingi niliousoma kabla ya kununua ulikuwa wa watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo walipima fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha ambazo kadi huchora kila sekunde, wakaishia hapo. Mimi nilitaka pia kujua kila kadi inakula wati ngapi, kwa kuwa jioni nyingi nacheza kwa umeme wa betri, na inavumilia vipi vumbi jekundu la kiangazi chetu.

Kompyuta yenyewe ni ya kawaida: prosesa ya Intel Core i5-6500, RAM ya GB 16, diski ya SSD na skrini ya 1920 kwa 1080. Ilikuwa kompyuta ya ofisini kabla ya kufika kwangu, na anayefikiria kupita njia hiyo anapaswa kufungua boksi lake kwanza. Pawa saplai yangu ya awali, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa ya wati 240 na haikuwa na waya hata mmoja wa kulishia kadi ya michoro. GTX 1060 ya kawaida huhitaji plagi moja ya pini 6, ilhali RX 580 huhitaji plagi ya pini 8. Nililazimika kununua pawa saplai ya wati 500 kwa dola 35, na fedha hizo ni sehemu ya bei ya kadi hata kama hakuna muuzaji atakayekutajia. Tafadhali usikubali kuuziwa kiunganishi cha bei ndogo kinachochukua umeme wa diski na kuugeuza kuwa plagi ya pini 8, kwani waya wa aina hiyo haukutengenezwa kubeba mzigo wa RX 580, na ukipata moto kupita kiasi huyeyuka.

Kadi hizi zilizaliwa karibu wakati mmoja. GTX 1060 ilitoka Julai 2016 kwa bei ya kuanzia dola 249, na RX 580 ilitoka Aprili 2017, ile ya GB 8 ikiwa dola 229. Tangu hapo zimefuatana kama mapacha, hata waundaji wa michezo huzitaja pamoja: Cyberpunk 2077, baada ya masharti yake kupandishwa mwaka 2023, hutaja GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8 kuwa kiwango cha chini kabisa. Hata hivyo ndani yake hazifanani. Ya NVIDIA ina viini 1280, yaani vitengo vidogo vya kupiga hesabu, na njia ya kumbukumbu ya biti 192, nayo imekadiriwa kutumia wati 120. Ya AMD ina viini 2304 na njia ya biti 256, na imekadiriwa kutumia wati 185. Idadi ya viini vya kampuni mbili tofauti hailinganishwi moja kwa moja, kwa hiyo usidanganyike kudhani kwamba kadi moja inakaribia kuwa na nguvu mara mbili ya nyingine. Tofauti ya wati, kwa upande mwingine, ni ya kweli na utaisikia kila siku.

Katika michezo yenyewe nilipima kwa uvumilivu, kila mchezo mara tatu na mahali palepale. GTA V, ambao ni mchezo wa zamani unaotumia DirectX 11 (toleo la zamani la programu ya Microsoft inayounganisha mchezo na kadi), ulikwenda vizuri zaidi kwenye GTX 1060: karibu fremu 80 kwa sekunde dhidi ya 72 za RX 580, mipangilio ikiwa juu sana. Kwenye Forza Horizon 5, wa DirectX 12, mambo yaligeuka: RX 580 ilinipa fremu 75 na GTX 1060 ikanipa 66. Red Dead Redemption 2, nikichanganya mipangilio ya kati na ya juu, ulikuwa na fremu 55 kwenye RX 580 na 50 kwenye GTX 1060. Mchezo wa mpira, ambao ndio mdogo wangu hucheza karibu kila siku, ulikwenda kwenye fremu 60 bila kuyumba kwa kadi zote mbili, na mtu asiyecheza kitu kingine hana sababu ya kuumiza kichwa na ulinganisho huu.

Wastani wa fremu hauonyeshi umuhimu wa GB 2 za ziada. Nilipopandisha ubora wa sura za vitu, yaani zile picha zinazofunika kuta, nguo na ardhi ndani ya mchezo, GTX 1060 ilijaa kumbukumbu yake na mchezo ukaanza kukwamakwama kwa sekunde chache kila nilipogeuka haraka, ingawa wastani ulibaki mzuri. RX 580 ilibeba mipangilio ileile bila mikwamo. Kwa macho yangu hilo ni bora kuliko fremu tano au sita za ziada, kwa maana jicho huzoea mwendo wa polepole usiobadilika, lakini halizoei kushtushwa.

Sasa nije kwenye umeme, ambao ndio ulioamua jambo hili nyumbani kwetu. Nilichomeka kipima wati ukutani na kusoma matumizi ya kompyuta nzima bila skrini: nikicheza kwa GTX 1060 ilisoma takriban wati 190, na kwa RX 580 takriban 270. Skrini yangu inakula wati 25. Umeme unapokatika tunategemea betri ya volti 12 na ampea-saa 200, pamoja na inveta. Kwa hesabu ya daftari hiyo ni wati-saa 2400, lakini betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu ikiwa unataka idumu, na inveta yenyewe hupoteza kiasi fulani, kwa hiyo ninabaki na kama wati-saa 1000 za kutumia. Gawanya, na utaona kwamba GTX 1060 inanipa zaidi ya saa nne na nusu, ilhali RX 580 inanipa karibu saa tatu na nusu. Betri yangu si mpya, hivyo katika maisha halisi nilipata saa nne kwa ya kwanza na chini kidogo ya saa tatu kwa ya pili. Saa moja ya tofauti, katika nyumba ambamo betri hiyohiyo huwasha taa za watoto wanaosoma na kuchaji simu za watu sita, si jambo dogo hata kidogo, na Mama hakuhitaji kipima wati ili kutambua ni jioni zipi nilikuwa nimefunga kadi gani.

RX 580 inaweza kutulizwa, na nasikitika kwamba wengi wanaoilaumu hawajajaribu. Kupitia programu ya AMD yenyewe nilishusha kasi ya kadi kutoka megahezi 1340 hadi 1250 na volti kutoka 1.15 hadi karibu 1.0, nikijaribu hatua kwa hatua na kucheza nusu saa baada ya kila hatua. Matumizi ya ukutani yalishuka hadi wati 235, joto likapungua kutoka nyuzi 80 hadi 71, na fremu nilizopoteza zilikuwa tatu au nne. Anayeinunua afanye hivyo siku ya kwanza. GTX 1060 haikuhitaji lolote: ilikaa kwenye nyuzi 67 hata mwezi wa Oktoba, ambapo joto la hapa huwa kali kabla ya mvua kuanza, na kelele yake haikuamsha mtu.

Kuhusu ununuzi, nieleze kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea. GTX 1060 niliinunua mjini kwa dola 95, nikaijaribu palepale dukani kwa dakika ishirini. RX 580 ililetwa na mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam kwa barabara, ikapita Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Aliniomba dola 100, tukashuka hadi 80. "Yaya, hii iko nguvu, beba bila bwoga," aliniambia, nami nikaibeba. Usiku wa kwanza ilizima skrini mara nne. Nilipoichunguza kwa programu ya GPU-Z, ambayo husoma taarifa za kadi, niligundua kwamba BIOS yake, yaani programu ndogo ya ndani inayoiongoza kadi, ilikuwa imebadilishwa ili ichimbe sarafu za kidijitali. Kadi nyingi za aina hii zilifanya kazi hiyo mchana na usiku hadi Septemba 15, 2022, siku ambayo sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji, na baada ya hapo zikamwagwa sokoni kwa wingi. Yangu ilikuwa na kiswichi kidogo pembeni cha kuchagua kati ya BIOS mbili; nilikisogeza upande wa pili, ambao haukuwa umeguswa, na tangu usiku huo haijazima tena. Kadi isiyo na kiswichi hicho ingehitaji kuandikwa upya BIOS yake, kazi ambayo nisingemshauri mtu asiyekuwa na mtaalamu karibu.

GPU-Z hiyohiyo itakuokoa na mtego mwingine. Ipo RX 580 iliyotengenezwa kwa soko la China ambayo ina viini 2048 badala ya 2304, yaani kwa kweli ina nguvu za RX 570, lakini jina kwenye boksi ni lilelile. Vivyo hivyo, GTX 1060 ya GB 3 si ndugu wa ile ya GB 6 aliyepunguziwa kumbukumbu tu: viini vyake ni 1152, na GB 3 hazitoshi tena kwa michezo ya miaka hii. Nenda dukani na programu hiyo kwenye flashi, soma idadi ya viini kwa macho yako, na ukiona muuzaji anakataa kuwasha kompyuta, ondoka.

Vumbi halina upendeleo. Baada ya Juni na Julai, barabara yetu isiyo na lami ilikuwa imejaza mapezi ya kupoozea ya kadi zote mbili. Nilizifungua, nikapiga mswaki laini na upepo, huku nikishikilia panga za feni zisizunguke, kisha nikabadilisha ile krimu ya kupitisha joto, ambayo kwenye RX 580 ilikuwa imekauka kabisa kama udongo. Ilishuka nyuzi 6 baada ya hapo. GTX 1060 ilishuka 2 tu.

Kwa miaka ijayo, hakuna kati ya hizi itakayokufikisha mbali. Zote hazina vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), mbinu ya kuchora mwanga na vivuli jinsi vilivyo, na michezo kama Indiana Jones and the Great Circle wa mwaka 2024 inavihitaji ili iweze kuwaka. Kwa uamuzi wa NVIDIA, kizazi cha Pascal, ambamo GTX 1060 imo, kilikoma kupata madreva mapya ya michezo (programu zinazoiwezesha kompyuta kuitumia kadi) baada ya Oktoba 2025, na kimebaki na marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. AMD nayo imekwisha kuitenga familia ya RX 580 katika mkondo wa madreva unaosasishwa mara chache. Anayetumia Linux ana nafuu upande wa AMD, kwa kuwa dreva yake imo ndani ya mfumo wenyewe na hulazimiki kununua megabaiti za kupakua faili kubwa. FSR, teknolojia ya AMD ya kukuza picha ndogo ili mchezo uende haraka, katika matoleo yake ya 1 hadi 3 hufanya kazi kwenye kadi zote mbili, na ni ajabu nzuri kwamba mwenye GTX 1060 anafaidika nayo, ilhali DLSS, teknolojia ya aina hiyo ya NVIDIA yenyewe, haiikubali kadi hiyo.

Hukumu yangu ni hii. Kwa fedha pekee, RX 580 yenye viini 2304 ni kadi bora: niliilipia dola 15 pungufu, ina kumbukumbu zaidi na inaishinda nyingine katika michezo mipya. Ningeichagua bila kusita kama ningeishi mtaa ambao umeme hukaa. Mahali ninapoishi, GTX 1060 ndiyo iliyobaki ndani ya kompyuta, na dola 15 nilizozidisha nimeshazirudisha kwa betri ambayo sijalazimika kuibadilisha mapema. RX 580 nimempa mdogo wangu aliyehamia karibu na mjini kati, ikiwa imeshushwa volti na kusafishwa, pamoja na sharti moja: aifungue na kuipiga mswaki kila mwisho wa kiangazi.