Msimu wa tatu na Wheel Horse la miaka ya 70: trekta zima, bamba la kuungaunga

Mwenye haraka achukue hukumu yangu hapa hapa aondoke. Trekta: nyota nne kati ya tano. Bamba la kusukumia theluji kama nilivyouziwa: nyota moja. Bamba hilo hilo baada ya kukatwa, kuchomelewa upya na kutukanwa: nne na nusu. Mwenye muda aendelee, maana ile safari ya kutoka moja kwenda nne na nusu ndiyo iliyonifundisha kazi yenyewe.

Tunaishi kusini mwa Buffalo, jimbo la New York, kwenye ule ukanda ambao Ziwa Erie huugeuza jalala la theluji yake. Asiyeishi huku hudhani theluji ni habari ya baridi tu. Kwetu ni habari ya upepo. Mwezi wa kumi na moja maji ya ziwa bado yana joto lililobaki la kiangazi. Upepo wa baridi ukipita juu yake unachota mvuke njia nzima, ukigusa nchi kavu unautua wote mahali pamoja. Mtaa huu unazikwa, mtaa wa pili watu wanatembea na viatu vya raba. Dhoruba ya Novemba 2022 ilishusha karibu mita 2 maeneo ya Hamburg na Orchard Park kwa siku chache tu. Mimi nimekulia Njombe, nilikuja huku na majivuno kwamba upepo wa Makambako umeshanifunda. Majivuno yalinitoka wiki ya kwanza.

Njia yetu ya gari, kutoka barabarani hadi mlangoni, ni mita 40 kwa tatu na nusu. Nusu ya mbele ni lami, nusu ya nyuma ni kokoto. Zikianguka sentimita 20, hizo ni mita za ujazo 28. Ukikadiria kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, una tani karibu tatu za kuhamisha kabla ya chai. Na mke wangu ni muuguzi wa zamu: saa kumi na mbili kasorobo asubuhi gari lazima liwe barabarani. Misimu miwili nilizoa kwa beleshi, mpaka mgongo ukawa unaamka kabla yangu. Wa tatu nikamlipa mtu mwenye pikapu na bamba. Alikuwa anakuja, sikatai, lakini saa tano, mama wa watu keshaenda kazini kwa teksi.

Ndipo nikalipata hili trekta kwa mzee mmoja aliyestaafu kiwanda cha chuma, dola 650 pamoja na bamba. Ni Wheel Horse C-120, dogo kama meza ya kulia chakula, jekundu kwa jina kwa sababu kutu ilishachukua sehemu yake. Haya yaliundwa South Bend, Indiana, na kampuni ya Wheel Horse, ambayo Toro iliinunua mwaka 1986. Langu ni la enzi wamiliki walipokuwa American Motors, hao hao waliokuwa na Jeep. Injini ni Kohler K301: silinda moja, bloku la chuma cha kusubu, sentimita za ujazo 476, nguvu za farasi 12. Gia boksi ina gia sita za mbele na mbili za nyuma.

Namba 12 haina maana mtu anayoifikiria. Matrekta ya kukatia nyasi yanayouzwa madukani leo yana farasi 18, 20 na zaidi, na ukiyafunga bamba yanakaa tu yanazungusha magurudumu. Theluji haisukumwi na farasi. Inasukumwa na uzito na mshiko wa tairi. Hili la kwangu lina chuma kila mahali. Mimi na jirani tulijaribu kuliinua upande mmoja tukaishia kucheka. Na misimu mitatu sasa, sijawahi kusikia injini ikizidiwa. Kinachoshindwa kwanza daima ni tairi.

Hilo nililigundua siku ya kwanza, kwa aibu. Nililitoa bandani, nikashusha bamba, nikaweka gia ya pili. Mita tano nzuri. Kisha matairi ya nyuma yakaanza kujichimbia, mkia ukaenda kando, nikabaki nimekaa mshazari katikati ya njia kama punda aliyegoma, injini ikinguruma vizuri kabisa. Rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Uvira kule Kongo, fundi wa kuchomelea, alikuwa amekuja kutazama. Akazunguka nyuma, akapiga tairi teke. "Yaya, hii mashini iko na nguvu," akasema, yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao, "lakini nyuma iko mwepesi sana."

Tukalitia uzito. Kwanza minyororo ya matairi ya nyuma. Soma namba ubavuni mwa tairi lako ndipo uagize, usikadirie kwa macho kama mimi, nilirudisha jozi moja dukani. Pili tukajaza matairi maji ya kusafishia vioo vya gari, yale yasiyoganda hata baridi ikipita nyuzi 25 chini ya sifuri. Kila tairi lilimeza kama lita 20. Wengine hutumia chumvi ya kalsiamu, ambayo ni nzito zaidi, lakini inakula rimu, na rimu za trekta la umri huu hazihitaji kusaidiwa kuoza. Tatu, vyuma vya duara vya kilo ishirini na kitu, kimoja kila gurudumu. Baada ya hapo trekta likawa mnyama mwingine. Ukiniambia nichague kimoja kati ya hivyo vitatu, ni minyororo, bila kufikiri.

Sasa bamba. Hapa ndipo nyota zangu zilipokwenda.

Bamba lenyewe la inchi 48 halikuwa la Wheel Horse. Lilitoka kwenye trekta la kampuni nyingine, na mtu fulani kabla ya yule mzee alilibandika kwa mikono miwili mifupi ya chuma iliyofungwa mbele, jirani kabisa na ekseli ya mbele. Kwa macho ilionekana kazi safi. Tatizo ni kwamba ekseli ya mbele ya matrekta haya imetengenezwa ibebe na ikate kona, haikutengenezwa kusukuma. Nguvu ya kusukuma inatoka magurudumu ya nyuma, basi mikono ya bamba inatakiwa ipite chini ya tumbo la trekta ikajishike huko tumboni au nyuma zaidi, ili msukumo uende moja kwa moja. Ukiishika mbele, kila ukigonga kitu, pigo lote linaishia kwenye chuma chembamba kuliko vyote.

Nami nikagonga. Pale lami inapokutana na kokoto kuna ukingo wa zege, umeinuka kama upana wa vidole viwili, na chini ya theluji hauonekani. Nilikuwa gia ya tatu. Bamba likasimama papo hapo, trekta likanyanyua makalio, kifua changu kikaenda kwenye usukani. Ukimya kidogo, halafu injini ikaendelea na shughuli zake kana kwamba haikuona kitu. Nilipotazama, boliti mbili zilikuwa zimepinda kama ndizi mbivu na kwenye chuma cha mbele kulikuwa na ufa mwembamba, wa unene wa unywele, unaotambaa kutoka tundu la boliti.

Kasoro ya pili ndiyo iliyolifanya pigo lile liwe kali hivyo: bamba halikuwa na springi. Bamba la kawaida huwa na springi mbili juu, ili ukingo wa chini ukigonga jiwe, bamba lijikunje mbele, lipite, lirudi. Aliyelibandika hili alizitoa akaweka vipande vya pau, sijui kwa nini, labda zilikatika akachoka. Ukikagua bamba lililokwisha kutumika, simama mbele yake, shika juu ulivute kwako kwa nguvu zote. Lisipocheza, punguza bei au ondoka.

Fundi wangu wa Uvira alilifanyia kazi Jumamosi mbili. Alikata mikono ile, akachomelea mabomba ya mraba marefu yanayopita chini ya trekta mpaka kwenye kishikio cha tumboni, akaziba ule ufa na kuuvisha kiraka, akarudisha springi mbili tulizozitoa kwenye geti bovu. Akaongeza viatu viwili vya chuma chini ya bamba, vya kupandisha na kushusha. Gharama: chuma dola 90, na wali wa nazi na samaki ambao mke wangu alipika Jumamosi zote mbili. Alidai ndiyo malipo pekee anayoyatambua.

Tangu hapo nimeugonga ule ukingo wa zege mara nyingi. Bamba linainama, linasema ‘kwap’, linarudi.

Kwenye kokoto, msimu wa kwanza nilisukuma kokoto nyingi kuliko theluji, na mwezi wa nne nikaziokota kwenye nyasi kwa reki. Dawa niliyoipata ni bomba la plastiki la maji, lililopasuliwa kwa urefu na kuvishwa kwenye makali ya bamba. Makali yakishakuwa mviringo, bamba linateleza juu ya kokoto badala ya kuchimba. Linadumu msimu mmoja hivi, ni dola chache, linabadilishwa.

Upana nao uangalie. Bamba la inchi 48 likigeuzwa pembe ya nyuzi 30 ili limwage theluji kando, njia inayobaki safi ni inchi 41 na ushei. Trekta langu likiwa na minyororo ni inchi 36 hivi, kwa hiyo matairi yanakanyaga palipokwisha kusafishwa. Ningekuwa na bamba la inchi 42, njia ingebaki karibu sawa na upana wa trekta, na matairi yangekuwa yanakwaruza ukingo wa theluji kila mzunguko.

Mambo yanayonikera bado yapo. Bamba linainuliwa kwa mkono, kwa fimbo ndefu ubavuni, na baada ya nusu saa bega la kulia linadai haki yake. Mkanda wa kuendeshea trekta ukilowa theluji iliyoyeyuka unateleza. Nimetengeneza kinga ya bati, imesaidia nusu. Huna kibanda: theluji unayoisukuma kwa upepo wa ziwa inakurudia usoni. Swichi ya usalama ya kiti nilikuta imerukwa kwa waya, yaani ungeanguka na trekta likaendelea na safari bila wewe. Niliirudisha siku hiyo hiyo, na yeyote anayenunua trekta la zamani aanzie hapo, hata kabla ya rangi.

Kuwaka, linawaka. Oili naweka nyepesi, 5W-30, majira ya baridi, kwa sababu injini hii haina pampu ya oili. Kuna kijiko kidogo chini ya fimbo ya pistoni kinachorusha oili ndani, na oili nzito iliyoganda hairuki. Mara moja tu lilinigomea, Januari, nyuzi 17 chini ya sifuri, saa kumi na nusu usiku. Stata inazunguka, petroli ipo, moto hakuna. Nikafungua kifuniko cha platini, ile swichi ndogo inayoipa plagi cheche, kwa vidole nisivyovihisi, nikapitisha kipande cha kadi ya kliniki katikati ya ncha zake, kikatoka na mstari mweusi. Nikapitisha tena mpaka kikatoka kisafi, nikapima nafasi, nusu milimita. Choki, ufunguo, likakohoa mara mbili likawaka. Nani leo atakutengenezea trekta jipya kwa kadi ya kliniki?

Sehemu ngumu kuliko zote ni ile mita tatu ya mwisho, mdomoni mwa barabara. Greda la mji likipita linakuachia tuta la mabonge ya barafu na chumvi, na kuyatupa barabarani ni kosa. Tuta hilo naliendea kidogo kidogo kwa gia ya kwanza, nikilimega pembeni, sijalivamia uso kwa uso tangu lile pigo la kifua. Na theluji ya mwanzo wa msimu naisukuma mbali kupita mahitaji, mita mbili tatu ndani ya nyasi, kwa sababu kuta za pembeni zikishaganda mwezi wa kwanza hazisogei tena, na njia inakuwa nyembamba kila wiki.

Theluji ya mwezi wa tatu, ile nzito yenye maji, inalishinda ikipita sentimita 25. Hapo nasukuma mara mbili, katikati ya usiku na alfajiri. Na kama ule mzigo wa 2022 ukirudi, trekta litabaki bandani na mimi ndani, tusubiri mashine za mji.

Betri nailaza ndani, sebuleni, kando ya viatu, kuanzia Novemba. Mke wangu anasema wenzake kazini huingiza paka.