Bima ya ng'ombe wa maziwa: uliza habari ya hereni kabla ya bei

Hereni ya Malkia, ng'ombe wangu, ile alama yenye nambari inayovalishwa sikioni, niliipata mwezi wa tatu ndani ya mbolea, nikipakia mkokoteni kwenda kupanda viazi. Ya plastiki, rangi ya njano, nambari bado inasomeka vizuri. Malkia mwenyewe alikuwa amekufa Januari. Ndigana, ule ugonjwa wa kupe: Jumatatu alikataa chakula na tezi chini ya sikio zimevimba, Ijumaa tukachimba shimo.

Bima alikuwa nayo. Kampuni iliyomkatia, jina lake nalihifadhi, ilikataa kulipa shilingi 150,000 za Kenya kwa sababu mzoga haukuwa na hereni. Ripoti ya daktari ilikuwepo, picha zilikuwepo, majirani watatu walisimama pale shimoni. Jibu lilikuja na mistari miwili: mnyama aliyekufa hakuweza kutambulika. Ng'ombe niliyemkamua miaka minne!

Tangu nisimulie kisa hicho, kila wiki kuna anayeniuliza achukue bima gani. Haya basi. Ila bei na "huduma bora" waulize mawakala, watakwambia hata kama hukuuliza. Mimi naanzia sikioni.

Hereni hung'oka. Ng'ombe wa gredi anayekula ndani ya zizi huingiza kichwa kati ya mbao za hori mara nyingi kwa siku, na siku moja hereni inanasa kwenye msumari. Husikii kitu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza maswali haya na udai majibu kwa maandishi: ikidondoka, nina siku ngapi za kutoa taarifa? Nani anakuja kuweka nyingine, na kwa gharama ya nani? Akifa kabla hamjafika, mtakubali ushahidi gani mwingine? Wakala akikwambia "Mama, hilo usijali," funga geti.

Halafu piga picha ya pua. Sitanii. Mistari ya pua ya ng'ombe ni kama alama za vidole vya binadamu, hakuna wawili wanaofanana. Ipanguse ikauke, piga karibu, kisha upige nyingine inayoonyesha uso mzima na hereni sikioni. Zitume kwa kampuni siku hiyohiyo ya kukata bima, zisikae kwenye simu yako tu.

Je, inafaa kulipia? Kwangu mimi ndiyo, mradi ujue unanunua nini. Bima hizi kwa kawaida hulipa ng'ombe akifa kwa ugonjwa au ajali, au daktari akiamuru achinjwe kwa dharura. Matibabu ni juu yako, maziwa yakipungua ni juu yako. Mimi nilitozwa asilimia 4 ya thamani, yaani 6,000 kwa mwaka. Malkia alikuwa akitoa lita 15 kwa siku, nikilipwa shilingi 45 kwa lita, kwa hiyo hiyo ni hela ya maziwa ya siku tisa hivi. Kumnunua mwingine kama yeye ni maziwa ya zaidi ya miezi saba, na hapo sijanunua hata gunia moja la chakula.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni CIC, ukiipata kupitia ushirika wako wa maziwa. Nawapendelea na sifichi. Kampuni hiyo imetoka ndani ya vyama vya ushirika vyenyewe, na ng'ombe wangu wa sasa yuko kwao. Kwetu ada inakatwa kwenye maziwa kidogokidogo, sitafuti 6,000 kwa mpigo mwezi wa kulipa karo. Ila kilichonivuta zaidi ni karani wa ushirika. Anawajua ng'ombe wetu, hereni ikipotea namwambia asubuhi nikipeleka maziwa, anaandika kitabuni, nami napiga picha ya ukurasa. Mwezi wa sita ilipotea kweli, na ndani ya wiki ng'ombe alikuwa na nyingine.

Ya pili, APA, kwa asiye na ushirika karibu. Nao wana bima ya mifugo. Maswali ya sikio ni yaleyale, na tafuta mapema daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Yule kijana wa duka la dawa anayejua kudunga sindano hatakusaidia siku ya ripoti.

Ya tatu, mfuko wa chama mnaochanga wenyewe. Wanachama kumi mnaowajua ng'ombe wa kila mmoja hamhitaji hereni. Ubaya wake, ndigana ikiingia kijijini, mfuko unaisha kwa ng'ombe wawili.

Zile za bei rahisi za ajali peke yake, acha. Ng'ombe wa zizini haanguki korongoni.

Kwa ndugu zetu wa Marsabit, Wajir na Turkana mambo ni tofauti. Bima iliyoanza Marsabit mwaka 2010, na ile ya serikali iliyofuata 2015, zilipima ukijani wa malisho kwa setilaiti na kulipa ukame ulipozidi kiwango. Setilaiti haitazami masikio. Nawaonea wivu hapo tu.

Halafu kuna hili la mawakala. Kodi halali juu ya ada yangu ya 6,000 ni hizi: tozo ya mafunzo ya bima asilimia 0.2, shilingi 12. Mfuko wa fidia kwa wenye bima, kampuni ikifilisika, asilimia 0.25, shilingi 15. Stempu shilingi 40. Jumla 67. Mimi wakala aliyemkatia Malkia bima alinitoza 500 "za karatasi", na karatasi yenyewe ilikuwa moja, imechapwa upande mmoja. Dai mchanganuo, na jina la wakala ulitafute kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima kabla hujatuma pesa kwenye simu yake.

Wakala huyo alinipigia wiki jana kunikumbusha kwamba bima ya Malkia imeisha muda. Nikamuuliza Malkia yupi, maana kwa kampuni yake mnyama huyo hatambuliki. Akasema atanipigia tena.