Sangasanga kuna fundi anayeiweka pikipiki sawa na mwenye kuiendesha

Anayepanda Mgeta, huku milimani Morogoro, kwa pikipiki anajua kuwa mtihani wenyewe ni kushuka. Kutoka Nyandira kuja Mlali mteremko mmoja ukiisha mwingine unaanza, kona zimebana ukingo wa mlima, na masika yakishika kasi hata mtembea kwa miguu anateleza. Mimi ni bibi shamba. Wakulima wangu wa njegere, kabichi na viazi mviringo wako huko juu, nami huwafuata na TVS ya 125, nyuma nimefunga kreti la vifaa, na mara nyingine nimepakia mtu. Kwa hiyo nikimsifia fundi hapa, namsifia mtu niliyemkabidhi uhai wangu. Na nikimlaumu, ni kwa sababu hiyo hiyo.

Yuko Sangasanga, pale barabara ya Mzumbe na Mgeta inapochepuka kutoka barabara kuu ya Iringa. Ni banda la mabati lisilo na kibao, lakini bodaboda yeyote wa pale kijiweni atakuonyesha. Wengi wanakwenda kwake pikipiki ikishakufa njiani. Mimi nazungumzia huduma yake nyingine, ambayo yeye anaiita tu "kuiweka sawa": unampelekea pikipiki inayotembea vizuri, anaikagua yote, na anairekebisha imfae anayeiendesha. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike. Mafundi wengi wanaipanga pikipiki kana kwamba wataiendesha wao.

Anaanza bila kushika spana. "Bibi shamba, panda. Kaa kama unavyokaa barabarani." Unapanda, pikipiki iko kwenye dabo stendi, naye anaizunguka akikutazama viganja, viwiko na nyayo. Mimi ni mfupi na vidole vyangu si virefu. Liva zangu zilikuwa zimeinuka, kila nikitaka kushika breki ninakunja kifundo cha mkono. Akalegeza boliti zinazozishika kwenye usukani, akazigeuza chini kidogo kidogo huku nimenyoosha vidole juu yake, mpaka mkono ukanyooka kuanzia kiwiko hadi kwenye kucha. Akaja kwenye klachi. Ilikuwa inashika liva ikiwa mbali kabisa, mahali ambapo vidole vyangu vimebaki kuigusa kwa ncha. Akaulegeza waya kwenye nati yake ya pale juu, klachi ikaanza kushika liva ikiwa karibu na mpini. Hakuulegeza hovyo, na alinieleza kwa nini: waya ukilegea mno klachi haiachii yote, gia zinaingia kwa kugonga, ukikazwa mno klachi inateleza na sahani zake zinaungua. Katikati ya hapo kuna nafasi ndogo ya liva kucheza kabla haijaanza kuvuta, na ndiyo anayoitafuta kwa kidole kimoja.

Pedeli ya breki ya nyuma nayo ilikuwa juu, nikiitafuta ilibidi niunyanyue mguu wote kutoka kwenye kikanyagio. Akaishusha. Sasa unyayo unakaa palepale, vidole viko juu ya pedeli, kukanyaga ni kukunja kifundo tu. Kwa mtu anayeshuka kutoka Langali huku mbele yake lori la kabichi limesimama ghafla, sehemu hiyo ndogo ya sekunde ina maana kubwa.

Nilikuwa na ombi langu mwenyewe: anishushie shokapu za nyuma ili miguu ifike chini. Alikataa. Kwamba ukiishusha nyuma peke yake, stendi ya pembeni inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama wima na inaweza kuangukia upande wa pili. Mkingo wa matope unakaribia tairi, ukipakia unakwaruza. Na usukani unabadilika tabia kwa sababu pua imeinuka. Akanituma kwa fundi viti, akachonga sponji ya siti upande wa mbele tu, pale mapaja yanapopita. Fedha ile hakuipata yeye. Leo nikisimama kwenye tope nakanyaga kwa nyayo zote mbili upande wa mbele, na urefu wa pikipiki ni ule ule.

Kisha cheni, na hapa ndipo ninapotaka kila mwenye pikipiki atulie asome.

Fundi wa kawaida anabonyeza cheni mara moja, anaona inaning'inia, anaikaza. Niliwahi kukaziwa hivyo mahali pengine hadi pikipiki ikaanza kulia nikipita kwenye mashimo. Huyu wa Sangasanga anaizungusha tairi ya nyuma polepole kwa mkono na kuipima cheni sehemu baada ya sehemu, kwa sababu cheni haichakai sawasawa: kuna mahali imelegea na kuna mahali imekaza. Anatafuta pale ilipokaza zaidi, halafu anapima hapo, katikati ya gia ya mbele na ya nyuma, kwa rula ya shule aliyoichomeka mfukoni. Kwa pikipiki za daraja hili mchezo wa cheni juu na chini huwa kama sentimita mbili na nusu hadi tatu, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Sababu ya kuacha nafasi hiyo ni kwamba ukipanda, ukapakia, na ukaingia kwenye shimo, mkono unaoshika tairi ya nyuma unapanda na cheni inajivuta. Ikiwa ilikuwa imekaza tangu mwanzo haina pa kwenda, inakula beringi ya shafti ya gia na meno ya gia yenyewe. Ikilegea mno inaruka meno, na ikivuka ikajibana inaweza kuisimamisha tairi ya nyuma ukiwa kwenye mwendo.

Akishaikaza anahakikisha alama za kulia na kushoto zinalingana, kisha haziamini. Anachukua uzi mrefu, anaulaza kwenye ubavu wa tairi ya nyuma mpaka ya mbele, upande huu na upande ule, kuona kama tairi zinafuatana. Anaangalia na kile kiklipu cha kiungo cha cheni: upande uliofungwa lazima uelekee kule cheni inakokwenda. Kikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kinaweza kukichomoa. Nilimwona akikigeuza kwenye pikipiki ya kijana mmoja ambaye hakuwa amekuja kwa ajili ya cheni hata kidogo, na hakumdai kitu.

Jambo ambalo wengi wanalisahau ni hili: tairi ikirudishwa nyuma ili kukaza cheni, fimbo ya breki ya nyuma nayo inavutika. Usipoigusa, breki inabaki imeshika kidogo, haba (kile kitovu cha tairi chenye breki ndani) inapata moto, na ukifika chini ya mlima haikusaidii tena. Yeye hamalizi cheni bila kurudi kwenye nati ya breki, akaizungusha tairi mpaka ikaenda bila kukwaruza, halafu akarekebisha swichi ya taa ya breki, maana nayo inawaka mapema au kuchelewa kufuatana na pedeli. Anakaa nyuma ya pikipiki, anakuambia ukanyage taratibu, na anataka kuona taa inawaka kabla breki haijashika.

Mengine anayapitia haraka, ila hakuna analoliruka. Injini ikiwa inaunguruma taratibu anaupeleka usukani kulia hadi mwisho, kisha kushoto. Mlio ukipanda, waya wa mafuta umebana mahali na siku moja pikipiki itakuvuta kwenye kona bila ridhaa yako. Anaifungua mafuta na kuiachia, irudi yenyewe kwa kishindo. Anainua mbele, anazishika shokapu na kuzivuta mbele na nyuma, akisikiliza kama beringi za shingo zinagonga. Anapiga spoku moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea inatoa sauti nzito, anaikaza palepale. Upepo anaupima tairi ikiwa ya baridi: psi 25 mbele, 28 nyuma, na 32 nyuma kwa anayepakia. Mimi ananijazia ya kupakia, kwa sababu ya kreti.

Kreti hilo aliniambia nilirudishe siku ya kukagua, na vifaa vyake vyote ndani. Nilidhani ananisumbua. Kumbe pikipiki ikipata mzigo nyuma inakaa, taa ya mbele inatazama juu, unamulika macho ya anayekuja badala ya barabara. Alipandisha shokapu za nyuma ngazi mbili kwa ile pete yenye vipandio, pande zote sawa, kisha akaniweka juu na kreti langu, akaisimamisha pikipiki mbele ya ukuta na kuishusha taa. Vioo pia alivipanga nikiwa nimekaa na koti la mvua, kwa sababu nikilivaa mabega yanaziba nusu ya kioo.

Mwisho anaiendesha mwenyewe hadi kwenye kilima kifupi cha hapo karibu, kisha anakupa wewe uiendeshe, na ukirudi anagusa haba zote mbili kwa mgongo wa kiganja. Iliyo na moto inarudi stendi.

Sasa lawama. Anaosha cheni kwa petroli, katika banda ambalo wateja wanavuta sigara. Nimemwambia, nitamwambia tena, na naandika hapa ili na wengine wamwambie: mafuta ya taa yanasafisha vizuri na hayashiki moto upesi hivyo. Vumbi la ndani ya haba analipuliza kwa upepo wa kompresa, likijaa kwenye pua za vijana wake. Kitambaa chenye maji kinatosha. Fundi anayejali hivi uhai wa mteja anatakiwa ajali na mapafu ya wanafunzi wake. Risiti hana, na kwa sisi tunaotakiwa kupeleka hesabu ofisini hiyo ni kero ya kweli. Anakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Umeme pia si eneo lake. Indiketa ikigoma atakuelekeza kwa mwingine, jambo ambalo mimi naliheshimu.

Na ni mtaratibu. Anayetaka kuondoka baada ya nusu saa asiende. Pikipiki yangu inakaa kwake asubuhi nzima, na kama siku hiyo ni ya foleni, hadi mchana. Ufundi ananitoza elfu kumi na tano, kifaa kikihitajika unanunua mwenyewe dukani na kumletea, naye anakionyesha cha zamani kabla ya kukitupa. Kwa bei hiyo Morogoro mjini utapata kubadilishiwa oili, kukaziwa cheni na kuoshewa pikipiki.

Tofauti niliyoiona mimi iko kwenye mteremko. Nashuka na gia ya pili, injini inazuia, breki ya mbele naigusa kwa vidole viwili, ya nyuma kwa mguu, na zinaitika mara moja, tena kwa pamoja. Mkono hauumi nikifika Mlali. Vijana wanaoshuka wamezima injini ili kuokoa mafuta wananipita, na breki zao nazisikia zikilia hadi kona ya pili. Wale ningependa wote wapite kwake kabla ya mvua za Machi.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi. Nenda na viatu na koti unavyovaa safarini, beba mzigo unaobeba siku zote, na kama kuna mtu unayempakia kila siku, mke au mtoto wa shule, nenda naye. Kofia ngumu msiache, yako na yake, kwa sababu hata ile safari fupi ya majaribio hakuruhusu uifanye bila kofia. Malipo anapokea taslimu au kwa simu. Jumapili hafungui.